Bahari Ndani ya Lori: Kufika si Kufaulu



Sisi tuliofundishwa uchukuzi wa kijeshi tumezoea kuugawa mzigo katika namna tatu. Upo mzigo usioharibika upesi, kama mabati na nguzo. Upo uozao kwa siku chache, kama nyama na mboga. Na upo ule unaokula, kulala na kuugua, yaani watu. Lakini iko namna ya nne, ambayo nadhani yafaa ifikiriwe na kila mtu ambaye siku moja huenda akaamriwa kupakia, kusindikiza au kukagua kitu asichokifahamu. Nayo ni mwamba wa matumbawe ulio hai, pamoja na samaki wake na maji yake ya chumvi, unaong'olewa katika tangi la kioo mahali pamoja na kupelekwa mahali pengine, mamia au maelfu ya kilomita.

Msomaji atauliza jambo hili latuhusu nini sisi ambao nchi yetu haina hata kipande cha pwani. Namjibu kwamba matangi makubwa ya namna hii yamejengwa katika miji iliyo mbali kabisa na bahari, na vilivyomo ndani yake vilipelekwa huko kwa reli, kwa ndege na kwa malori. Tena samaki wa mapambo huvuliwa katika pwani ya Kenya na kusafirishwa ng'ambo wakiwa hai, na barabara itokayo Mombasa haiishii Nairobi. Inapita Malaba na kufika kwetu, na juu yake vimo vizuizi ambavyo sisi ndio tunaovisimamia.

Nia yangu katika makala haya ni kulipinga wazo moja ambalo limeenea sana, yaani kwamba mzigo wenyewe ni samaki, na kwamba lori likisimama mbele ya mlango wa mwenye tangi samaki wakiwa wanaogelea, basi kazi imekwisha. Wazo hilo lina makosa mawili, na kila moja latosha kuliua tangi zima.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu wengi hupata mshangao wa kwanza. Chukua tangi lenye urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 75. Ndani yake huingia lita 1,620. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya ziwa, lita moja yapata kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake yana zaidi ya kilo 1,660, kabla hujahesabu mawe, mchanga, kioo na meza ya chuma iliyolibeba. Tangi la namna hiyo halisogezwi likiwa na maji, hata robo yake. Vioo vyake vimeunganishwa kwa gundi ya silikoni, na mtikisiko mmoja wa barabara mbovu watosha kuipasua. Lazima litolewe kila kitu, lisafirishwe tupu, likae juu ya ubao ulionyooka. Maana yake ni kwamba hatuhamishi tangi. Tunalivunja taifa dogo, tunalipakia vipande vipande katika mapipa, ndoo na mifuko, kisha tunaliunda upya mahali pengine kabla raia wake hawajafa.

Wa zamani waliamini kwamba kitu cha thamani kuliko vyote ni maji. Jumba la Shedd Aquarium la mjini Chicago lilipofunguliwa rasmi mwaka 1930, maji ya bahari yaliletwa kwa reli kutoka Key West, ncha ya kusini ya Florida, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000. Mabehewa 20 ya matangi yalikwenda na kurudi mara 8, hadi ikatimia galoni milioni moja, yaani karibu lita milioni 3.8. Jumba hilo lilikuwa hata na behewa lake maalumu la kuchukulia samaki, lililoitwa Nautilus. Ilikuwa kazi ya kustahili heshima. (Reli yenyewe ya Key West ilivunjwa na tufani ya mwaka 1935, wala haikujengwa tena, laiti wangalichelewa miaka michache, wangalitafuta njia nyingine.) Lakini Georgia Aquarium ya mjini Atlanta, iliyofunguliwa mwaka 2005, haikuleta bahari kwa behewa. Ilichukua maji ya mjini, ikayasafisha na kuyatia chumvi iliyotengenezwa kwa kipimo. Siku hizi mtu yeyote mwenye chumvi hiyo, maji safi na kipimo cha uchumvi aweza kutengeneza maji yenye gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, yanayowafaa samaki na matumbawe kabisa. Maji, basi, yanapatikana. Aliyebanwa na nafasi ndani ya lori aache maji kwanza.

Kisichopatikana kwa haraka ni bakteria.

Naomba hapa msomaji anivumilie, maana ndipo penye kiini cha hoja yangu. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake kila dakika, na amonia ni sumu. Baharini sumu hiyo hutawanyika, lakini ndani ya tangi haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria wanaoishi juu ya mawe na ndani ya mchanga. Kundi moja hula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu; kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi; na ndani kabisa ya mawe, mahali pasipofika oksijeni, lipo kundi jingine linaloigeuza nitrati kuwa hewa ya naitrojeni ambayo hupanda juu na kupotea. Majeshi haya hayaonekani kwa macho, hayana rangi ya kupendeza, na hakuna mgeni aliyewahi kusimama mbele ya kioo akayasifu. Lakini tangi jipya huhitaji wiki kadhaa kuyajenga. Mtu akilinda samaki wake kwa uangalifu wote, huku mawe yake yakikauka katika jua nyuma ya lori, atafika na samaki wazima na kuwatia katika choo kisicho na mfereji.

Tena si kukauka tu. Mawe hayo yamejaa sponji, minyoo na kaa wadogo. Bakteria wanaweza kustahimili unyevu tu, na kwa safari ya saa chache watu hufunga mawe kwa magazeti yaliyolowanishwa, kazi ambayo gazeti lolote laweza kuifanya bila kujali wahariri wake. Lakini safari ikipita siku nzima, viumbe hao wengine huanza kufa na kuoza, na mwozo wao ni amonia tupu. Kwa mwendo mrefu sharti mawe yakae ndani ya maji katika mapipa, na pampu iyazungushe maji hayo njia nzima. Na mchanga wa zamani ni adui aliyelala: katika tabaka zake za chini hujificha gesi yenye harufu ya yai bovu, na mchanga huo ukivurugwa na kumwagwa juu ya samaki, huua. Uoshwe vizuri, au uachwe ukanunuliwe mwingine.

Sasa na tufanye zoezi la ramani, kama tulivyozoea darasani. Tumeamriwa kuchukua tangi lile la lita 1,620 kutoka Mombasa hadi Kampala, barabara yenye zaidi ya kilomita 1,100. Ofisa asiyejua atatazama umbali na kugawa kwa mwendo wa lori. Ofisa anayejua atatazama mwinuko. Tukitoka pwani tunavuka Nyika ya Taru, ambako adui ni joto. Matumbawe hupenda nyuzijoto 24 hadi 27 hivi, na ndani ya turubai mchana kipimo chaweza kupita hapo mapema sana. Baada ya Nakuru tunapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku huko adui hubadilika akawa baridi. Kwa hiyo msafara mmoja wahitaji kinga dhidi ya joto na kinga dhidi ya baridi katika muda wa siku moja: masanduku yenye kuta nene za povu gumu, vipasha joto, na jenereta iliyojaribiwa kabla ya kuondoka.

Liko jambo jingine la Timboroa ambalo halionekani kwenye saa wala kwenye kipimajoto. Samaki husafirishwa katika mifuko ya plastiki miwili miwili, sehemu moja maji na sehemu mbili oksijeni. Mfuko uliofungwa Mombasa ukiwa umekaza kama ngoma utakuta kanieneo ya hewa huko juu imepungua, na hewa iliyomo ndani itataka kutanuka kwa zaidi ya theluthi moja. Mfuko utapasuka, au utavujia pale penye fundo. Afungaye mifuko pwani hana budi kuiacha na ulegevu, ingawa mwenye mali atalalamika kwamba oksijeni ni kidogo.

Utaratibu wa kuvunja tangi nao una mantiki yake, na watu huukosea kwa sababu ya huruma. Huwaonea samaki huruma, wakawakamata kwanza. Matokeo yake ni kuwafukuza saa nzima katikati ya mawe, hadi wamechoka kabla ya safari kuanza. Njia iliyo bora ni kuteka maji safi kwanza na kuyaweka katika mapipa, kisha kutoa matumbawe, kisha mawe. Na maji yakibaki kina cha shubiri, samaki hukamatwa kwa dakika chache. Wawe hawajalishwa kwa siku moja au mbili, ili wasiyachafue maji ya mfukoni. Matumbawe laini yatengwe na yale magumu, maana baadhi yao hutoa sumu yakisumbuliwa. Na yapo ya jamii ya Palythoa yenye sumu kali hata kwa binadamu: watu wameugua vibaya kwa kuvuta mvuke baada ya kumwagia mawe yake maji ya moto. Atakayeyashika avae glavu na miwani, na asiruhusu mtu yeyote kuyachemsha kwa kisingizio cha usafi.

Huko waendako lazima kikosi cha kutangulia kiwe kimekwisha kufika. Meza iwe imesimamishwa na kupimwa kwamba imenyooka, maji mapya yawe yamechanganywa na chumvi tangu jana yake, na umeme uwe umejaribiwa. Bora zaidi, mawe machache yawe yametangulia wiki kadhaa, yakaanza kulea bakteria katika chujio jipya. Mimi nasema wazi kwamba msafara usio na kikosi cha kutangulia usiruhusiwe kuondoka, hata kama mwenye tangi ni mtu mkubwa na ana haraka.

Nageukia sasa ndugu zetu polisi, kwa sababu mara nyingine kizuizi cha barabarani chaweza kuua zaidi ya Timboroa. Askari akiona lori lenye mapipa na masanduku yaliyofungwa, ni haki yake na wajibu wake kushuku. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kama CITES, tangu mwaka 1990, na mawe yenye matumbawe hayo hayavuki mpaka bila kibali. Aombe karatasi, azisome, alinganishe majina na idadi. Asipoziona, lori lisiende. Hapo sina ubishi naye.

Lakini asiseme, "Fungua mfuko nione." Ndani ya mfuko uliofungwa, samaki anapumua na kutoa kaboni dioksaidi, ambayo huyafanya maji yawe na tindikali kidogo zaidi. Katika hali hiyo amonia iliyolimbikizana hubaki katika umbo ambalo si kali sana. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksaidi hutoroka, tindikali hupungua, na ile amonia iliyokuwa imelala hugeuka sumu kali katika muda mfupi. Samaki aliyevumilia kilomita 800 aweza kufa kwa ajili ya kufunguliwa apate hewa safi. Basi mfuko utazamwe kwa tochi ukiwa umefungwa, plastiki inaonyesha. Kama ni lazima kabisa kufungua, iwe mahali ambapo maji mapya yako tayari na samaki atahamishwa mara moja. Kadhalika jambo hili lamhusu dereva mwenye moyo mwema ambaye kila akisimama kunywa chai hutaka kuwafungulia samaki wapumue.

Nilisema wazo lile lina makosa mawili. La kwanza ni kudhani mzigo ni samaki. La pili ni kudhani kufika ndiyo mwisho. Hapa nitataja samaki mkubwa kuliko wote, papa potwe, ambaye wavuvi wa Mafia wanamfahamu vizuri. Mwaka 2005 Georgia Aquarium ilileta papa potwe wawili kwa ndege ya mizigo kutoka Taiwani hadi Atlanta, safari ya yapata kilomita 13,000. Walipewa majina, Ralph na Norton. Walifika wakiwa hai, na dunia nzima ikaona picha. Kama kufika kungekuwa kufaulu, hakuna msafara uliofaulu kuliko ule. Lakini Ralph alifariki Januari 11, 2007, na yapata miezi mitano baadaye, Juni, akafuata Norton. Wote wawili walikuwa wameacha kula vizuri, na dawa iliyotiwa katika maji yao dhidi ya wadudu ilishukiwa. Siwalaumu waliowachukua kwa ndege. Nasema tu kwamba sisi watu wa uhusiano tuna tabia ya kupiga picha siku ya kuwasili, kumshukuru kila mtu, na kuufunga mkoba. Katika tangi la matumbawe picha ya siku ile haina maana yoyote. Amonia hupanda siku ya pili au ya tatu, matumbawe yaliyoshtuka huanza kubanduka nyama juma la kwanza au la pili, na mwani mbaya hutanda mwezi wa kwanza. Yapasa awepo mtu wa kupima maji kila siku na kuandika katika daftari, na taa ziwashwe kwa kiasi siku za mwanzo, maana viumbe waliotoka katika giza la lori huungua. Msafara uhesabiwe kuwa umekwisha pale daftari hilo litakapoonyesha majuma manne mfululizo bila amonia.

Maji machafu yaliyobaki nayo yana amri yake. Mwani uitwao Caulerpa taxifolia ulionekana mwaka 1984 baharini, chini ya madirisha ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, na kutoka hapo ukaenea katika pwani za Mediteranea. Watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa habari hii kwa kirefu. Wanaijua sangara iliyotiwa ziwani miaka ya 1950, na gugu maji lililotanda mwishoni mwa miaka ya 1980. Mapipa ya safari yamwagwe katika shimo la nchi kavu, mbali na mto, mbali na kisima na mbali na mashamba kwa sababu ya chumvi.

Limebaki swali la kama kazi hii yafaa kufanywa. Ikiwa ni kwa ajili ya kupamba ukumbi wa hoteli ili wageni wapate kitu cha kutazama wakisubiri ufunguo, mimi naona mwamba ungeachwa ulipo. Lakini zipo hijra za lazima. Mwaka 2014 ugonjwa unaoharibu nyama ya matumbawe magumu uligunduliwa karibu na Miami, ukaanza kusonga mbele pwani nzima ya Florida kama jeshi lisilozuilika. Tangu 2018 wapiga mbizi walitangulia mbele ya mstari wa ugonjwa huo, wakang'oa matumbawe yaliyokuwa bado mazima na kuyahamishia nchi kavu, katika matangi ya majumba ya wanyama na ya samaki yaliyo katika majimbo mengi, mengine mbali kabisa na bahari. Mjini Orlando kilifunguliwa kituo maalumu mwaka 2020.

Kisha likaja joto la 2023. Tarehe 24 Julai mwaka huo kipimo kimoja katika Ghuba ya Manatee, kusini mwa Florida, kilionyesha maji ya nyuzijoto 38.4. Katika joto kama hilo tumbawe huvitapika vijimea vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulilisha, nalo hubaki jeupe na kufa kwa njaa. Watunzaji wa vitalu vya baharini walikuwa na siku chache tu. Walitoa vipande kwa maelfu, wakavipakia mashuani na katika magari, na kuvikimbiza kwenye matangi ya nchi kavu, maji yakiwa yamepozwa, yamezungushwa na kupimwa. Mwaka 2025 wanasayansi walitangaza kwamba aina mbili za matumbawe yenye matawi, ambazo kwa maelfu ya miaka ndizo zilizoijenga miamba ya Florida, zimepungua kiasi kwamba haziwezi tena kuifanya kazi hiyo baharini. Sehemu ya mbegu iliyobaki imo katika matangi hayo ya kioo.

Joto lilipopungua, baadhi ya vipande vilirudishwa baharini. Vingine vimebakizwa nchi kavu, mbali na pwani, mahali ambapo kila usiku mtu huamka kutazama kama pampu bado inazunguka.